Na Wake Zao Je?

Mwaka jana nilipata nafasi ya kusoma muhula mmoja Montréal, kule Kanada wanakoongea Kifaransa. Nilijua nitarudi na picha za theluji na Kifaransa kilichonyooka kidogo. Nimerudi na karatasi yenye majina mawili na kistari.

Ilianza hivi. Kwenye jengo tulilokaa kulikuwa na dada mmoja, mwenyeji wa hapohapo, aliyekuwa anatafuta ukoo wake. Nje baridi ya kukata masikio, mfukoni hamna kitu, basi jioni nikawa namsaidia kusoma madaftari ya zamani ya parokia, ambayo siku hizi yamepigwa picha na unayafungua kwenye kompyuta.

Wenzetu wale wana bahati. Mji wa Québec ulianzishwa na Wafaransa mwaka 1608, na mapadri wa koloni waliandika ubatizo, ndoa na maziko. Mbinu ni rahisi: unaanza na ndoa ya babu yako. Kwa kawaida padri ametaja wazazi wa bwana harusi na wa bibi harusi. Unatafuta ndoa ya wazazi hao, kisha ya wazazi wao, unapanda kama ngazi.

Tulipanda vizuri hadi miaka ya 1690, ngazi ikakatika. Baba wa bwana harusi ametajwa, lakini ndoa yake haipo popote. Siku tatu tumekodoa macho kwenye mwandiko wa kuku, wapi!

Kumbe shida ilikuwa neno dogo: *dit*, yaani "aitwaye". Mwaka 1665 mfalme Louis XIV alipeleka kule kikosi cha Carignan-Salières kupigana na Wairokwa. Askari wa Kifaransa walikuwa na majina ya jeshini, kama Lafleur, yaani Ua. Waliobaki kulima wakabaki nayo. Mtoto mmoja akashika jina la ukoo, mwenzake akashika la jeshini. Ndugu wa tumbo moja, koo mbili kwenye karatasi!

Aliyetuokoa ni mama. Kule mwanamke aliandikwa kwa jina la kwao hata baada ya kuolewa, mpaka anazikwa. Yule dada akaacha kumtafuta mume, akamtafuta mke. Haikuchukua hata dakika kumi. Ndoa ileee, mume ana jina jingine kabisa. Na mke mwenyewe alikuwa mmoja wa "mabinti wa mfalme", wanawake karibu 800 waliosafirishwa kwa gharama ya mfalme kati ya 1663 na 1673 ili waolewe kule.

Tulishangilia mpaka jirani akagonga ukuta.

Siku nyingine, kwenye daftari la karne ya 18, nikakutana na ubatizo wa mtoto mtumwa. Utumwa ulihalalishwa kule kwa amri ya mwaka 1709, na mwanahistoria Marcel Trudel alikuja kuhesabu watumwa zaidi ya 4,000, wengi wao wenyeji wa asili, wengine Waafrika. Mtoto yule kaandikiwa jina la ubatizo, umri wa kukisia, na jina la mwenye mali. Baba hayupo. Mama hayupo. Padri yuleyule, wino uleule, ila huyu hakuwekewa ngazi.

Nilikaa kimya. Yule dada, nadhani ili kunichangamsha, akauliza: "Na kwenu je?" Nikajivuna, nikamtajia wanaume saba wa ukoo wetu, baba kwa babu, bila kukwama. Akaandika wote. Halafu akauliza: "Na wake zao?"

Sikuwa na hata mmoja zaidi ya bibi yangu.

Nikampigia simu. "Shikamoo bibi. Mama yako aliitwa nani?" Akacheka kwanza. "Marahaba. Leo ndiyo umeona uniulize?" Akanitajia mama yake. Akanitajia na mama wa mama yake. Nikauliza wa juu yake.

"Huyo alikuwa anamjua dada yangu," akasema. "Na dada tulimzika mwaka juzi, wewe ulikuwa kwenye mitihani."

Majina mawili, kistari. Likizo hii naenda kijijini na daftari. Bibi bado anawajua wa upande wa babu.