Bao la Marehemu Baba

Sisi ni ndugu wawili wa kike, tunaishi ua mmoja hapa Msambweni. Baba yetu, Allah amrehemu, alituachia bao la mti wa mwembe na kete 64 za komwe. Alikuwa akilicheza barazani na wazee wenzake baada ya swala ya alasiri, nasi tukijifunza kwa kuchungulia dirishani. Hakuna aliyetufunza, wala hakuna aliyetukataza.

Bao hilo lilikaa juu ya kabati miaka sita. Tuliliteremsha kwa ajili ya kijana wetu. Alipewa shilingi 8,000 apeleke ada ya shule Ukunda, naye akaziingiza katika kamari ya mpira ya simu, zikapotea. Mjomba wake akaapa kutosema naye. Kijana akajifungia chumbani, na sahani ya chakula ikawa inarudi kama ilivyokwenda.

Jumamosi moja tukamwita ukumbini. Hatukumwitia mawaidha, alikwisha kuyasikia ya kutosha. Tulitandika mkeka, tukaweka masharti: pasiwe na dau, hata la kikombe cha chai, adhana ikisikika, mchezo usimame, na anayeshinda asimcheke mwenzake. Kamari imekatazwa katika Sura Al-Maida, aya ya 90, nasi hatukutaka hata harufu yake.

Tukapanga majeshi. Bao lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kila upande humiliki safu mbili. Kila mchezaji huweka kete sita katika nyumba yake, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia. Kete 22 hubaki mkononi, akaziingiza moja moja. Hiyo ndiyo namua. Kete za mkononi zikiisha huingia mtaji, na vita huwa vya zilizomo baoni tu. Aliyemalizwa safu ya mbele ameshindwa.

Sisi wawili tulikuwa upande mmoja, kijana upande wa pili. Alianza kwa kasi, akila kila palipolika, naye alikula vizuri. Kisha kete yake ya mwisho ikaangukia katika nyumba. Hapo mchezaji ana hiari: aiache nyumba ikae, au aisafirishe. Yetu tulikuwa tumeiacha ikae mara mbili. Yeye aliisafirisha, kwa tamaa ya kutumaliza kwa mkono mmoja. Kete zikatawanyika moja moja, ya mwisho ikaingia shimo tupu, na zamu ikawa yetu.

Hatukuharakisha. Tulikula mbili hapa, tatu pale, mpaka kete za mkononi zikaisha. Katika mtaji tukaifungua nyumba yetu, ikazunguka na kula, ikazunguka tena na kula, na safu yake ya mbele ikabaki mitupu.

Kijana alilitazama bao kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mama, hazikuwa elfu nane. Nilikopa nyingine saba kwa rafiki yangu ili nizirudishe zile za kwanza."

Hatukumjibu kwa ukali. Mdogo wetu, ambaye yeye humwita mama mdogo, alimwuliza tu, "Huyo rafiki anadai lini?" Tukajua jina, tukajua siku. Jioni ile tulikwenda kwa mjomba, kijana akiwa mbele yetu, akayasema yote kwa kinywa chake. Sasa hulipa kidogo kidogo kwa kuuza madafu Diani siku za mapumziko, na simu yake hulala chumbani kwetu.

Kila Jumamosi baada ya alasiri bao hutandikiwa mkeka. Juma lililopita alitushinda, na nyumba yake ilikuwa haijasafiri. Kwa mujibu wa masharti hakutucheka, ila tulimwona akiuma mdomo.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu na wenu. Amin.