Kiasi Gani Kinatosha?

Prolini ni asidi amino ndogo yenye pete ya atomi tano: nne za kaboni, moja ya naitrojeni. Ngozi na mifupa yetu ina prolini tele. Mwaka 2000, huko California, mkemia Benjamin List aliichanganya na asetoni na aldehidi bila kutarajia makuu. Kimeng'enya, kichocheo cha asili mwilini, huwa na mamia ya asidi amino, lakini zinazogusa kazi yenyewe ni chache. Je, moja peke yake haitoshi?

Ikatosha. Naitrojeni ya prolini huidaka asetoni, maji yakatoka, kisha asetoni hiyo huungana na molekuli nyingine kwa upande mmoja zaidi ya mwingine. Maji hurudi, prolini ikaachiliwa, ikaanza upya. Upande una uzito wake, maana molekuli nyingi huja kwa jozi kama mkono wa kulia na wa kushoto, na dawa ya mkono mmoja huenda isifanane kabisa na ya mwingine.

Kinachonishughulisha ni kwamba jibu lilikwisha kuchapishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakemia wa kampuni za dawa za Hoffmann-La Roche na Schering walitumia prolini kufunga pete, wakitafuta njia ya kutengeneza steroidi. Makala zao zilisomwa kwa takriban miaka thelathini kama kioja cha kupendeza. Nazifikiria kila ninapokaa kwenye kamati inayodai jengo kabla ya kununua kitabu cha kwanza cha maktaba. Huwa tunaorodhesha vinavyokosekana. Ni nadra mtu kuuliza kipi hasa kinafanya kazi.

Udogo nao una gharama, tusidanganyane. List alihitaji prolini kiasi cha asilimia 30 ya molekuli zilizomenyuka, ilhali vichocheo vingi vya metali hutosheka na chini ya asilimia moja. Lakini mlango ulifunguka. Striknini, sumu yenye pete zilizosokotana na naitrojeni mbili ndani yake, ilimchukua mkemia Woodward hatua 29 kuitengeneza katika miaka ya 1950. Mwaka 2011 kundi la David MacMillan, aliyegawana Nobel na List mwaka 2021, liliifikia kwa hatua 12, na kichocheo chao pia kilikuwa pete ndogo yenye naitrojeni.

Hata kwinini, ile dawa chungu ya malaria, ilijaribiwa kama kichocheo mwaka 1912. Iliegemea upande mmoja, kidogo tu, na wengi wakapita.