Lenzi niliyouza ilikuwa na kuvu

Wacha nianze na ile sehemu mbaya, msije mkasema baadaye nimeificha. Mwaka jana, mwezi wa tano, niliuza lenzi yenye kuvu kwa shilingi 6,500, na nilikuwa najua ina kuvu. Picha za tangazo nilizipiga mchana karibu na dirisha, lenzi imegeuzwa upande kidogo, mwanga unateleza juu ya kioo na ndani huoni kitu. Nikaandika chini: "Helios 44-2, safi kabisa, haina shida." Aliyeinunua ni dada mmoja wa Mtwapa. Ndio kwanza alikuwa anaanza kupiga picha za harusi.

Wengi wenu mmenijua kwa zile videyo za jua likichomoza hapa Bofa. Kila wiki mnaniuliza inboksi ni lenzi gani ya bei ya chini inayotoa picha "za kisinema". Huwa najibu haraka haraka, nataja jina, naweka moto, basi. Leo nitajibu vizuri, na jibu lenyewe haliwezi kukamilika bila huyo dada.

Mimi nilidropu chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa na deni na sikuwa naona mwisho wake, hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Nilirudi nyumbani na kamera moja ya mtumba, Canon 600D, na lenzi yake ya plastiki ambayo ikifika saa kumi na mbili jioni inaona giza kuliko mimi. Lenzi mpya nzuri ni hela ya karo ya muhula. Ndio watu kama sisi tukaingia kwa lenzi za zamani.

Na pwani hii ziko, usidhani ni za YouTube tu. Waitaliano walianza kujaa Malindi tangu enzi za mradi wa roketi wa San Marco kule Ngomeni. Satelaiti yao ya kwanza kurushwa kutoka jukwaa lile la baharini ilipaa Aprili 1967. Wengine wakajenga, wakazeekea hapa hapa. Mzungu akifa au akirudi kwao, nyumba inamwagwa: viti, sahani, vitabu, na mara nyingine mkoba wa ngozi wenye kamera ambayo hakuna mtu ameigusa miaka 30. Yangu niliipata hivyo, kwa jamaa anayeuza vitu vya nyumba Malindi. Alisema 5,000, tukashukiana hadi 3,500. Hela nilikopa kwa mamangu, na mamangu aliitoa kwa chama chake. Mamangu anauza bajia. Pigeni hesabu ni bajia ngapi hizo.

Helios 44-2 ni lenzi ya Kisovieti, milimita 58, f/2, iliyonakiliwa kutoka Biotar ya Wajerumani wa Zeiss. Ilikuja na kamera za Zenit, zikatengenezwa nyingi sana, ndio maana bado ni rahisi. Watu wanaipendea yale majani ya nyuma yanavyozunguka kama kimbunga huku uso umetulia katikati. Ukweli ambao hao wa YouTube hawakwambii mapema: kwa kamera yenye sensa ndogo kama yangu, kile kizunguzungu unakikata kando, kinabaki kidogo tu. Na mdomo wake ni wa skrubu, milimita 42. Kwa Canon, adapta nyembamba ya chuma inatosha. Mwenye Nikon ya kioo asikimbilie, kwa sababu akitumia adapta isiyo na kioo ndani, vitu vya mbali havitashika fokasi kabisa. Mwenye kamera zile mpya zisizo na kioo hana wasiwasi, karibu kila kitu kinaingia.

Pale Malindi nilifanya nini? Niliizungusha, nikasikia pete zinateleza laini kama siagi, nikapenda. Nikanusa mkoba wa ngozi, nikasema ati harufu ya historia. Manze, ile harufu ilikuwa ya kuvu.

Masika ilipokuja ndio nikaona. Nikipiga mtu amekaa mbele ya dirisha, picha inatoka kama imemwagiwa maziwa. Siku moja stima imepotea, nikawasha tochi ya simu nikaiweka nyuma ya lenzi. Ndani kulikuwa na utando, nyuzi nyembamba zimetawanyika kutoka ukingoni kuelekea katikati, kama buibui amejenga na kuhama. Wiki hiyo hiyo mamangu akaniambia zamu yake ya chama imefika, anatakiwa atoe. Hakunifokea. Aliniuliza tu kama ile hela ipo.

Basi nikauza.

Dada alinipigia baada ya wiki tatu. Alikuwa amepiga harusi, bibi harusi anavalishwa karibu na dirisha, picha zote za pale zimekuwa maziwa. Aliongea polepole sana. "Kaka, nakuuliza tu. Hii lenzi ulikuwa unajua?" Nikasema sikujua, labda ni hewa ya Mtwapa. Kisha nikamblock. Hewa ya Mtwapa na hewa ya Bofa ni hewa moja, jamani, ni mwendo wa nusu saa na ushee kwa matatu.

Miezi sita baadaye nikapata lenzi nyingine, Takumar ya 55, na diafragma yake imekwama kwa mafuta. Nikaambiwa kuna mzee pale Kilifi mjini anatengeneza saa na redio, zamani alikuwa akitengeneza kamera za wapiga picha wa ufukweni, wale waliokuwa wakiwapiga watalii na kuwauzia picha. Nikaenda, shikamoo, marahaba, nikaketi. Akaitazama ile Takumar kwa kile kioo chake cha jicho moja, akaniuliza: "Hii si ya kwanza yako. Ya kwanza iko wapi?"

Sijui alijuaje. Nafikiri ni vile nilikuwa nimeishika kwa woga. Nikamweleza nusu ya hadithi, akanyamaza, nikaeleza nusu iliyobaki. Akasema, "Mwanangu, ilete." Nikamwambia si yangu tena. "Basi mlete mwenyewe."

Ilinichukua siku nne kumwondoa dada kwenye block. Ujumbe niliuandika nikaufuta kama mara kumi. Mwishowe niliandika: nilijua. Alijibu kesho yake na neno moja, "Sawa." Jumamosi akaja.

Sasa hapa sikilizeni vizuri, maana ndipo nilipojifunza yote ninayojua. Mzee kwanza alipuliza vumbi, hakufuta. Alitumia ile pampu ndogo ya mpira ya kuvuta makamasi ya watoto, inauzwa duka lolote la dawa. Mchanga wa Bofa ni mweupe na mzuri kwenye picha, lakini ukiusugua kwenye kioo na fulana ni msasa. Akabandua pete ya mbele kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, akikibana na kuzungusha, ili asiparuze. Kila kitu kilichotoka alikipanga kwenye kitambaa cheupe kwa mstari, na dada akapiga picha kila hatua kwa simu. Ukisahau kioo kilikuwa kimeangalia wapi, umemaliza lenzi.

Halafu dawa. Haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa na amonia kidogo, nusu kwa nusu, dirisha wazi, glovu mkononi. Pamba safi, kutoka katikati kwenda nje, pamba moja mpako mmoja kisha inatupwa. Tafadhali sana: amonia usiichanganye na Jik hata siku moja, ile gesi inayotoka inaweza kukuua. Kwa uchafu wa kawaida wa vidole huhitaji hayo yote, spiriti na kitambaa cha kufutia miwani kinatosha.

Nyuzi ziliondoka. Dada akatabasamu, na mimi nikaanza kupumua. Mzee akainua kioo kwenye tochi, akakigeuza polepole, akatuonyesha. Pale nyuzi zilipokuwa, alama zilibaki, kama njia za konokono. Kuvu hutoa asidi inayokula ile rangi nyembamba iliyopakwa juu ya kioo, na ikikaa sana hula kioo chenyewe. Ukiiwahi mapema, inafutika, huoni kitu. Ukichelewa, unafuta kuvu lakini jeraha linabaki. "Ingeletwa mwezi wa tano," mzee akasema, hakumalizia.

Hiyo ndiyo inanikera kuliko ule uongo wenyewe. Miezi ile yote lenzi ilikaa kwenye kabati la dada ikiliwa, na mtu pekee aliyejua kinachoendelea ndani alikuwa mimi.

Kwa hivyo mkienda kununua, tochi kwanza, mahaba baadaye. Fungua diafragma yote, mulika kutoka nyuma, tazama kwa upande, kisha geuza ufanye vile vile. Vumbi dogo halina neno. Mkwaruzo mmoja wa mbele hutauona kwenye picha, ule wa kioo cha nyuma ndio wa kuogopa zaidi. Nyuzi, ukungu wa maziwa, au rangi za upinde wa mvua kwenye ukingo pale gundi inapoachia, shusha bei au ondoka. Na mkoba wa ngozi uache huko huko, hata kama ni mzuri kiasi gani, ngozi ndiyo nyumba ya kuvu.

Kuitunza hapa kwetu si sawa na Nairobi. Hewa ikishinda juu ya asilimia 60 au 70 ya unyevu, kuvu inasherehekea, na sisi tunaishi ndani ya hiyo sherehe. Mimi nina mkebe wa plastiki wa chakula wenye kifuniko cha mpira, ndani vile vipakiti vya punje punje vinavyokuja kwenye viatu, na kipima unyevu kidogo cha betri. Nalenga 40 hadi 50. Mchele msiweke, unatoa vumbi la wanga na hilo nalo ni chakula. Ukitoka chumba chenye AC pale hotelini kwenda ufukweni, acha lenzi ndani ya mfuko uliofungwa ipate joto taratibu, la sivyo inatoka jasho ndani. Upepo wa kusi ukivuma na chumvi, futa mwili wa lenzi na kitambaa chenye unyevu kidogo ukifika nyumbani, siku hiyo hiyo. Na itumie. Lenzi iliyofungiwa gizani ndiyo inaoza. Bakor alipiga picha Lamu miaka na miaka, Parekh naye Mombasa, ndani ya hewa hii hii ya chumvi, bila mkebe wa plastiki wala betri, lakini hizo kamera zilikuwa kazini kila siku.

Nikamwambia dada nitamrudishia hela yote nichukue lenzi. Akakataa. Alisema ameizoea, mwanga ukiwa nyuma yake inapiga vizuri, na ameshajua asiielekeze dirishani. Lakini haina thamani ya 6,500 na wote tunajua. Mzee ndiye aliyetukatia bei, kama mahakama, bila kuinua macho kutoka kwenye saa aliyokuwa akifungua: 3,500, ile niliyoinunua. Nirudishe 3,000.

Nimetuma 1,500 kwa M-Pesa mwezi uliopita. Iliyobaki nimeahidi Ijumaa, kuna mtoto wa watu ana besdei Mnarani na nimeshalipwa nusu. Nilimwonyesha dada haya maandishi kabla sijayaweka. Alisoma yote, akasema niongeze kitu kimoja tu: ile block ilimuuma kuliko picha.

Nimeongeza.