Nenosiri la Msimamizi

Kila ofisi ina mtu mmoja anayejua nenosiri kuu. Si lazima awe na cheo. Anaweza kuwa kijana wa mkataba ambaye simu yake haiachi kulia, lakini hata mkurugenzi akitaka programu mpya, itabidi amwite.

Tangu niache chuo nimepiga vibarua kwenye ofisi tatu hapa Nairobi. Ya mwisho, nilikuwa naandika mahojiano yaliyorekodiwa, nalipwa kwa dakika za sauti. Jumanne jioni nikaletewa faili ambazo kompyuta yangu ilikataa kuzifungua. VLC ingezifungua, na ni ya bure. Lakini nikijaribu kuinstoli, kidirisha kinatokea: weka nenosiri la msimamizi. Jamaa wa IT huja Jumanne na Ijumaa pekee, na alikuwa ameshaenda. Siku mbili nzima bila doh, na landilodi hajui VLC ni nini.

Ijumaa nikamuuliza, "Kwani hamtuamini?"

Akacheka. "Si wewe, mse. Ni kile utabonyeza."

Akanieleza. Programu hufanya kazi kwa mamlaka ya aliyeifungua. Ukiwa msimamizi, virusi ulivyofungua navyo ni msimamizi. Mwaka 2017, NotPetya iliingia kupitia sasisho la programu ya uhasibu inayotumika Ukraine. Ikipata mashine yenye mamlaka hayo, inaiba nenosiri zilizo kwenye kumbukumbu yake na kurukia mashine jirani. Maersk, ambao meli zao huleta makontena hadi Mombasa, walilazimika kusakinisha upya kompyuta 45,000.

Hapo alinishika. Sitaki kila mtu ofisini apewe nenosiri hilo.

Lakini kazi haikungoja Ijumaa. Mwenzangu wa meza ya pili, naye analipwa kwa dakika, alikuwa na faili kama zangu. Alizipandisha kwenye tovuti fulani ya kubadilisha faili, moja baada ya nyingine, bure. Ndani yake kuna watu wanaoeleza magonjwa yao. Kidirisha hakikuuliza chochote, kwa sababu hakuna kilichosakinishwa. Na simlaumu, ana mtoto.

Dawa ipo, na si kumpa kila mtu funguo zote. IT wanaweza kuweka orodha ya programu walizozikagua, uchague na kuinstoli mwenyewe bila nenosiri. Wanaweza kukupa ruhusa ya muda, kwa kazi moja, kisha iishe. Na awepo mtu wa kujibu ombi siku hiyo hiyo, hata kama jibu ni zii.

Wanaoandika hizi sheria hulipwa mwisho wa mwezi, kidirisha kitokee kisitokee. Siku wakikaa kuzipanga tena, wamwite hata mmoja wetu tunaolipwa kwa dakika.