Safari Yangu ya Magunga

Msomaji wa Tanzania akitajiwa Magunga hukumbuka hospitali ya Korogwe yenye jina hilo. Magunga ninayoisimulia hapa iko Kenya, katika nchi ya Gwassi, kaunti ya Homa Bay, chini ya milima inayotazama Ziwa Victoria. Ni mji mdogo wenye soko, maduka ya mabati na ofisi chache za serikali. Ukiupita huo, ni mashamba, mawe na mbuzi.

Sababu iliyonipeleka huko si biashara, wala sina jamaa huko. Nalikuwa nimeposa kwetu Musoma, ng'ombe wa mahari wamekwisha tolewa na siku ya arusi imekwisha tajwa, ndipo ikaja habari kwamba binti yule ameolewa na mtu mwingine. Mtu aliyepatwa na jambo kama hilo hapiti sokoni kwa raha. Kila amsalimuye humsalimu kwa sauti ya msibani, na huruma ya watu wengi ni mzigo mzito kuliko dhihaka. Basi nikaona heri niende nchi ya kigeni, peke yangu, mahali pasipo mtu anijuaye.

Nilitoka Musoma alfajiri kwa basi hata Sirari, nikagongewa muhuri katika pasi yangu, nikavuka mpaka kwa miguu hata Isebania. Hapo shilingi zangu nyingi ziligeuka shilingi chache, kama wajuavyo wote waliobadili fedha mpakani. Kutoka Migori nilishika njia ya magharibi, nikaingia nchi ya Nyatike, ambako mgodi wa Macalder ulitoa dhahabu na shaba hata miaka ya 1960, na wenyeji wangali wakichimba dhahabu kwa mikono yao. Jioni nilifika Sori, penye ghuba ya Karungu, nikalala.

Karungu yafaa kutazamwa kwa makini, ingawa mgeni aonapo mitumbwi na majani makavu hudhani hapana kitu. Hapo ndipo palipokuwa boma la Waingereza kabla halijahamishiwa Kisii. Mwaka 1911 Jumba la Makumbusho la Uingereza lilimtuma Felix Oswald aje kutafuta mifupa ya kale iliyogeuka mawe, naye akaipata, pamoja na ya dinotheri, mnyama wa jamii ya tembo ambaye hayuko tena duniani. Iliyohifadhi mifupa hiyo ni majivu ya volkano ya Kisingiri, iliyozimika zamani sana. Milima ya Gwassi ni mabaki yake. Siku zile ugonjwa wa malale ulikuwa umewaua watu wengi wa pwani za ziwa hili na kuwafukuza wengine. Mwaka 1915 Oswald alitoa kitabu, na katika jina lake alisema kwamba alikuwa peke yake katika nchi ya malale. Nami nacheka kidogo. Mzungu wa siku zile aliposema peke yake, hakuwahesabu wapagazi waliomchukulia mizigo.

Asubuhi nilipanda bodaboda, tukaenda kaskazini, milima kuume na ziwa kushoto, hata Magunga. Mama mwenye nyumba ya wageni aliniuliza, "Umekuja kwa nani?" Nikamjibu kwamba sikuja kwa mtu. Jibu hilo halikupokewa. Muuza mkate aliniuliza vile vile, na fundi cherehani, na mwalimu mmoja aliyekuwa akipita tu. Kabla ya jua kuchwa yule mama alikuwa amenipeleka kwa mzee mmoja jirani, akisema, "Nyathina, chakula hakiliwi peke yako kama mgonjwa." Tulikula ugali wa mtama na muhogo kwa omena, ndio dagaa wetu wa Musoma.

Mzee yule alikuwa wa Waabasuba. Masimulizi yao yasema kwamba wazee wao walitoka Buganda na Busoga kwa mitumbwi, katika karne ya 18, baadhi yao wakikimbia ghasia zilizofuata kuuawa kwa Kabaka Junju. Wakakaa Mfangano, Rusinga na Gwassi, wakaoana na Wajaluo, na leo lugha ya nyumbani na sokoni Magunga ni Kijaluo. Mzee alikumbuka maneno machache ya bibi yake. Mimi Mjita niliyasikiliza, na mawili matatu niliyatambua bila kutafsiriwa, jambo lililomfurahisha kuliko zawadi ya sukari niliyompa.

Nilimweleza yaliyonipata, maana aliuliza mara tatu. Nalitazamia maneno ya kunifariji, lakini hakuuliza hata jina la binti. Aliuliza, "Ng'ombe wamerudi?" Nikasema sijui. Akakunja uso, akataka kujua idadi yao, waliozaa, na ni nani aliyekuwa shahidi siku ya kuwatoa. Tulizungumza mambo ya ng'ombe hata usiku mwingi. Kwa mara ya kwanza tangu nipate habari ile, nililala usingizi mzito.

Siku zilizofuata nilipanda mlima, nikashuka ufukoni, nikawasaidia akina mama kuanika omena juu ya nyavu. Mwezi ulikuwa umefifia, na usiku taa za wavuvi zilienea ziwani mithili ya mji mkubwa kuliko Musoma.

Siku ya tano baba alinipigia simu. Ng'ombe wanane wamerudi, wa tisa bado, na wazee wamekwenda kumdai. Nilipompasha mzee habari hiyo, aliweka kikombe chini, akaniuliza huyo wa tisa ni wa rangi gani.