Upepo Unatoka Wapi?

Kila nikiweka klipu ya theHunter: Call of the Wild, lazima kuna mtu atakuja kuniambia, "Msee, hii si gemu ya uwindaji, hii ni gemu ya kutembea." Sawa. Hata mimi wiki ya kwanza nilisema hivyo hivyo. Nilizunguka Hirschfelden, ile ramani ya Ujerumani, jioni nzima, na kitu pekee nilichoona ni matako ya kulungu akitoroka.

Shida ilikuwa mimi. Nilikuwa nimetoka kwa gemu za vita, zile ukisimama sekunde tano umekwisha. Hapa ni kinyume. Ukikimbia, kila mnyama wa karibu amekusikia na wewe unabaki kuangalia miti.

Iko hivi. Mnyama hawekwi mbele yako ati kwa sababu umefika. Ana ratiba yake. Kuna mahali anakula, mahali anakunywa maji na mahali analala, na kila mahali pana saa zake. Ukipata alama za kwato unazikagua, kifaa chako kinakuambia ni za mnyama gani, anaelekea wapi na zimekaa muda gani. Zikiwa za kitambo, achana nazo. Zikiwa mbichi, fuata polepole. Ukifika alipokunywa, ramani inaweka alama na saa zake. Kwangu mimi, hapo tayari umempata, hata kama hujamwona. Unaenda kulala kwenye kibanda usogeze saa, unarudi mapema kabla hajafika, unakaa. Ndiyo, unakaa tu.

Kumkaribia ndio kazi. Unachuchumaa, wakati mwingine unatambaa kwa tumbo, jicho moja likiwa kwenye vipimo vya kelele na vya jinsi unavyoonekana. Ukipita katikati ya kichaka umejichoma. Ukipuliza kile kifaa cha kuiga mlio wake, usibaki palepale, kwa sababu anakuja pale mlio ulipotoka. Haya yote niliyajua kutoka YouTube, na bado walikuwa wananikimbia.

Sasa niwaambie kuhusu mzee.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, babangu hakunifokea. Alinyamaza, na afadhali angefoka. Alikuwa ameuza ng'ombe wawili nikalipiwa karo, halafu nikarudi nyumbani na begi na maelezo marefu kuhusu kutengeneza vidio. Miezi minne maongezi yetu yalikuwa "Umekula?" "Nimekula." Kitu kingine chochote kilipitia kwa mathe. Akinipata sebuleni na hedifoni kichwani, alikuwa anapita akiangalia ukuta.

Usiku mmoja nilikuwa narekodi. Hedifoni moja ilikuwa imekufa, kwa hivyo sauti ilikuwa inatoka kwa laptopu. Nilikuwa nimemvizia kulungu dume kando ya maji kwa karibu nusu saa. Nilitambaa, sikugusa kichaka, kelele ilikuwa karibu sufuri. Ghafla akainua kichwa, akatoa ule mlio wa kuonya wenzake, akapotea. Nikatukana kwa sauti.

Nyuma yangu nikasikia, "Upepo unatoka wapi?"

Sijui alikuwa amesimama hapo tangu saa ngapi. Nikamwonyesha ile alama ya upepo kwenye skrini. Ulikuwa unanipiga mgongoni, unaenda moja kwa moja kwa mnyama.

"Huyo amekunusa. Zunguka." Akavuta kiti.

Nilijua kwa juu juu kwamba babu, kule Kitui, alikuwa mwindaji wa paa kwa upinde, kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Sikujua kwamba mzee, akiwa na miaka kama tisa, alikuwa anaandamana naye. Babu alikuwa anaokota vumbi, analiachilia kidogo kidogo, anaangalia linaelekea wapi ndipo anaamua njia. Kazi ya mtoto ilikuwa kunyamaza. Mzee alisema siku moja alipiga chafya, paa akaenda, na yeye akachapwa hadi nyumbani. Nilicheka hadi mathe akaja kuuliza kuna nini.

(Kuna wanaoniuliza kama sioni haya kuua wanyama kwa skrini. Ile ramani ya Afrika, Vurhonga, ina simba na nyati. Niliijaribu mara moja, nikamlenga simba, mkono ukakataa. Kulungu wa Ujerumani hanisumbui. Ni unafiki, najua.)

Tukazunguka lile ziwa, upepo ukitupiga usoni. Kila nikiharakisha, mzee alikuwa ananiuliza kama nimechelewa matatu. Nikalala kibandani, nikarudi kabla ya saa za kunywa, tukakaa kimya watu wawili mbele ya laptopu yenye kelele kama mashine ya kusaga unga. Dume akatokea. Nikalenga.

"Ngoja kwanza," mzee akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba kulungu angemsikia. "Ageuke ubavu."

Akageuka. Nikapiga risasi moja.

Hiyo vidio sijaiweka, kwa sababu sauti yake iko ndani na sijamuomba ruhusa. Mambo ya chuo bado hatujaongea. Lakini juzi akitoka kazini aliniuliza, hata kabla ya kuvua viatu, leo naingia msituni saa ngapi.