Kanisa Dogo Ndani ya Kanisa Kubwa

Msomaji mpendwa, kama nyumbani kwako kuna ukuta uliokwama, unaota nyasi huku majirani wakiutazama, nakuomba uvumilie usome habari hii hata mwisho. Mimi nilikuwa na ukuta wa namna hiyo kwa miaka tisa. Nilikwenda mpaka pwani ya Uingereza ndipo nilipofahamu la kuufanyia.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Pangani. Nilipopokea kiinua mgongo changu nilichimba msingi wa nyumba ya vyumba saba, na sebule mbili, na varanda ya kuzunguka. Fundi aliniuliza, “Mwalimu, watoto wote wamekwisha kuondoka. Vyumba saba ni vya nani?” Nikamjibu kwa ukali kwamba kazi yake ni kujenga, si kuuliza. Kuta zikafika kwenye madirisha, na fedha zikaisha. Basi mimi na mama watoto tukaendelea kukaa katika nyumba ya kupanga, na kila siku tukienda sokoni tunapita mbele ya msingi wetu.

Binti yetu ni mwuguzi katika mji wa Ipswich, ulio mkuu wa mkoa wa Suffolk, mashariki ya Uingereza. Mwaka jana alitupelekea tikiti tukamtembelee mwezi wa Juni. Nami nakuungamia, msomaji, kwamba katika mfuko wa koti langu nilichukua karatasi. Fundi alikuwa ameniandikia hesabu ya mabati, mbao, misumari na saruji. Niliazimia kumpa binti yetu karatasi ile siku moja njema, baada ya kula, akiwa amefurahi.

Suffolk si mkoa wa milima. Ni nchi ya mashamba ya shayiri na ngano, mabwawa yenye matete, vijia vyembamba kati ya nyua za miti, na kila kijiji mnara wa kanisa. Upande wa mashariki ipo Bahari ya Kaskazini, yenye rangi ya udongo, na upepo wake ni baridi hata wakati wa kiangazi. Lakini Juni jua halituki ila saa tatu usiku zimepita, basi mgeni hupata mchana mrefu wa kutembea.

Siku ya kwanza ya mapumziko yake, binti yetu alitupeleka Lavenham, kwa gari moshi kisha kwa basi. Mji huu uko bara, mbali kidogo na pwani. Zamani wafumaji wake walitengeneza vitambaa vizito vya sufu vya rangi ya samawati vilivyouzwa ng’ambo, na katika mwaka 1524 ulihesabiwa miongoni mwa miji 20 yenye utajiri kupita yote Uingereza. Matajiri wa sufu walijenga kanisa lenye mnara wa mita 43 hivi. Baadaye wakimbizi kutoka nchi ya Uholanzi walikuja Colchester, wakafuma vitambaa vyepesi na rahisi zaidi, na biashara ya Lavenham ikaanguka.

Sasa sikiliza ajabu. Kwa kuwa watu walifukarika, hawakuwa na fedha za kubomoa nyumba zao na kujenga za mtindo mpya. Basi nyumba zile za mbao na udongo zimebaki mpaka leo, zimepinda huku na huku kama wazee walioegemeana, na wageni hutoka mbali kuja kuzitazama. Mama watoto alisimama mbele ya moja iliyopinda kupita zote akacheka. “Fundi wetu angefukuzwa kwa kazi hii,” akasema. Nami nilicheka, lakini mkono wangu uligusa ile karatasi.

Siku nyingine tulikwenda Aldeburgh, mji wa wavuvi. Pwani yake si mchanga bali ni mawe madogo ya mviringo, nayo hulia chini ya miguu kama mtu atafunaye mahindi makavu. Mashua huvutwa juu ya mawe, na samaki huuzwa katika vibanda vya mbao papo hapo. Tulinunua samaki wa kukaanga na viazi, tukala tumeketi ukutani, tukiwafukuza shakwe waliotaka kutupokonya. Karibu na maji pana nyumba ya kale ya baraza la mji, yapata miaka 500. Ilipojengwa ilikuwa katikati ya mji. Mitaa iliyokuwa mbele yake imekwisha kuliwa na bahari.

Hapo Aldeburgh binti yetu alitutajia habari za Elizabeth Garrett Anderson, aliyelelewa mjini humo. Vyuo vilimkatalia kusomea uganga kwa sababu ni mwanamke, lakini hakukoma, na katika mwaka 1865 alipata cheti cha udaktari. Mwaka 1908 alichaguliwa kuwa meya wa Aldeburgh, mwanamke wa kwanza kuwa meya katika Uingereza. Binti yetu aliyasema haya kwa furaha. Ndipo nilipomwangalia sana usoni, nikaona jinsi macho yake yalivyochoka. Wiki ile alikuwa amefanya kazi ya usiku mara nne. Chumba alichopanga ni kimoja, na kitanda alitupa sisi, yeye akalala chini. Nikasema moyoni, “Karatasi na ingoje.” Lakini sikuitupa.

Mwenzake wa kazini, mama mmoja wa Kiingereza aliyezaliwa upande ule, alijitolea kutuchukua katika motokaa yake siku nzima. Nakusihi, msomaji, ukienda Suffolk umpate mtu kama huyu, maana mabasi ya vijijini ni machache, na Jumapili pengine hukosi kungoja bure.

Alitupeleka kwanza Dunwich. Ukifika huko utaona vijumba vichache, mkahawa mmoja, na bahari. Hutasadiki ukiambiwa kwamba hapa palikuwa na bandari miongoni mwa zile kubwa za Uingereza, yenye makanisa mengi na maelfu ya watu. Tufani ya mwaka 1286 ilibomoa sehemu ya mji. Tufani ya mwaka 1328 ikaziba mlango wa bandari kwa mchanga na mawe, na merikebu zikaenda kwingine. Tangu hapo bahari imekula mtaa baada ya mtaa. Kanisa la Watakatifu Wote lilianza kuanguka kutoka ukingoni mwaka 1904, na sehemu kubwa ya mwisho ya mnara wake ilianguka mwaka 1919. Hata hivyo, mpaka mwaka 1832 Dunwich iliendelea kupeleka wajumbe wawili katika Bunge la Uingereza, ingawa sehemu kubwa ya mji ilikuwa chini ya maji. Hivi ndivyo wanadamu tulivyo: jambo limekufa, nasi tungali tunalipa cheo!

Katika jumba la makumbusho pale kijijini upo mfano mdogo wa mji ule ulivyokuwa, nao unafaa kutazamwa kabla ya kwenda ufukoni. Juu ya ukingo zimebaki kuta za nyumba ya watawa Wafransisko. Na katika uwanja wa kanisa la sasa tuliona magofu mengine yaliyonigusa sana. Ni kanisa la hospitali ya wakoma ya zamani. Wakoma walitengwa nje ya mji, mbali na bandari na makanisa ya matajiri. Makanisa ya matajiri yako chini ya bahari leo, na mahali pa waliotengwa pangalipo.

Kutoka hapo tulipita Blythburgh, kanisa kubwa jeupe lisimamalo peke yake kando ya mabwawa. Darini mna malaika wa mbao wenye mabawa yaliyokunjuliwa. Miaka mingi watu waliwalaumu askari wa karne ya 17 kwa matundu ya risasi yaliyokuwa katika dari ile. Walipochunguza waliona kwamba zilikuwa risasi za kuwafukuzia ndege walioingia kanisani, katika karne ya 18. Nilicheka peke yangu, kwa kuwa shuleni nimeadhibu watoto wengi kwa kosa la kunguru.

Tukafika Walberswick, ambako mto Blyth huingia baharini. Huko mvushaji hukuvusha kwa mashua ndogo ya makasia mpaka upande wa Southwold, kwa malipo madogo. Sisi watu wa Pangani twajua maana ya kungoja kivuko, na mama watoto alifurahi kama yuko kwao. Southwold ni mji safi wenye mnara mweupe wa taa uliosimama katikati ya nyumba za watu, unaowaka tangu mwaka 1890. Utaona pia viwanja vingi vya nyasi katikati ya mji. Moto mkubwa wa mwaka 1659 uliteketeza nyumba nyingi, na yasemekana kwamba watu waliacha viwanja vile wazi ili moto usipate kuruka tena.

Jioni yule mama akasema, “Pamebaki pamoja.” Akatupeleka Covehithe, maili chache kaskazini ya Southwold.

Msomaji, nisikilize vizuri hapa. Covehithe ni nyumba chache tu na shamba. Barabara yake huenda mbele, kisha imekatika ghafula ukingoni, kwa kuwa bahari imeila. Chini ufukoni kumelala miti mizima iliyoanguka na mizizi yake, imekauka ikawa meupe kama mifupa. Katika miaka mingine bahari huchukua mita kadhaa za ardhi. Ole wako ukikaribia ukingo, maana udongo ule hauna imani.

Na kando ya barabara ile pana kuta za kanisa kubwa mno, zilizojengwa kwa gumegume, zenye madirisha marefu yasiyo na kioo, na juu hakuna paa ila mbingu. Nilidhani ni gofu tupu. Tulipoingia kati ya kuta zile nikaona kanisa lingine! Dogo, limeezekwa kwa matete, limejibanza kwenye mnara wa kale kama kifaranga chini ya kuku.

Yule mama akatueleza. Kanisa kubwa lilijengwa katika karne ya 15, wakati kulipokuwa na utajiri. Baadaye watu wakawa wachache na maskini, wasiweze kutengeneza paa kubwa kama lile. Basi katika mwaka 1672 waliomba ruhusa, wakaliondoa lile paa kubwa, na kwa mawe na matofali ya kale wakajijengea kanisa dogo ndani ya lile kubwa, kwa kadiri ya uwezo wao. Mnara wakauacha usimame. Na mpaka leo, miaka zaidi ya 350, wangali wakisali humo.

Tulifungua mlango tukaingia. Palikuwa na viti vichache, maua katika chupa, na ukimya. Nje upepo ulivuma kati ya kuta kubwa, ndani hatukuusikia. Mama watoto aliketi kitambo kirefu. Kisha akasema polepole, bila kunitazama, “Mwalimu, hawa watu hawakuona haya.”

Sikumjibu. Niliwafikiria wazee wale wa mwaka 1672. Bila shaka wapo waliosema, “Babu zetu watatuonaje? Kijiji cha jirani watatucheka.” Kama wangalisikiliza maneno yale, wangalisali katika mvua mpaka kuta zimwangukie mtu, wala leo pasingalikuwa na mlango wa kufungua. Mimi nilimlaza mke wangu miaka tisa katika nyumba ya kupanga kwa sababu niliona haya kuezeka vyumba viwili mahali nilipochora saba. Tena nilikuja na karatasi ili haya yangu ilipiwe na mtoto alalaye sakafuni.

Usiku ule binti yetu aliniuliza, “Baba, nyumba imefika wapi? Mbona hunielezi?” Moyo wangu ulipiga. Karatasi ilikuwa pale pale mfukoni. Nikamwambia, “Mwanangu, nyumba itakwisha mwaka huu. Tumepunguza ramani.” Mama watoto akainua macho. Wala hakusema neno, ila aliniongezea chai.

Tuliporudi Pangani nilimwita yule fundi, nikamwomba radhi kwa jibu la siku ile. Tukachagua kona moja ya kuta, tukajenga vyumba viwili na jiko, tukaezeka kwa mabati machache niliyoweza kununua mwenyewe. Kuta zilizobaki zinatuzunguka, na ndani yake mama watoto amepanda mchicha na mipapai. Jirani mmoja alipita akauliza, “Mwalimu, ndiyo nyumba yenyewe hii?” Nikamjibu, “Ndiyo hii. Karibu ndani.”

Basi msomaji, ukijaliwa kwenda Suffolk, chukua koti zito hata mwezi wa Juni, na viatu vya kutembelea juu ya mawe. Ukawaone malaika wa Blythburgh, ukale samaki wa Aldeburgh, ukavushwe na mashua ya Walberswick. Na kabla jua halijatua ufike Covehithe, ufungue ule mlango mdogo.

Na usipojaliwa kwenda, toka nje utazame ukuta wako. Hesabu vyumba unavyoweza kuviezeka kwa fedha uliyo nayo, uviezeke, mkalale ndani.